Kukata matini kwa vitenganishi vya mtumiaji: rejeksi (regex, ruwaza ya kutafutia matini) ile ile inakubali faili moja na kukataa jingine, kwa nini?

#1 KalamuYaMkaa
Wakuu habari. Nina programu ndogo ya Java inayosoma mafaili ya namba. Mafaili yanatoka kwa watu mbalimbali na kila mmoja ana alama zake za kutenganisha, kwa hiyo tulikubaliana mstari wa kwanza utaje hizo alama na mistari inayofuata iwe namba tupu. Nasoma faili zima, nalikata kwa "\n" (alama ya mstari mpya), nachukua mstari wa kwanza kama `alama`, halafu:

`String[] vipande = mstari.split("[" + alama + "]");`

Faili la kwanza lina alama `;,-` na mistari ya aina hii: `14;3,9-22`. Linasomeka, napata vipande vinne. Faili la pili lina namba zile zile na alama zile zile, ila aliyeliandika amezipanga hivi: `,-;`. Hapo napata safu tupu. Hakuna kosa, hakuna onyo, urefu ni 0 na jumla ya kila mstari inatoka 0. Faili la tatu lina alama `|,;` na linakwenda vizuri hadi mstari wa 41, kisha linakufa na NumberFormatException (kosa la Java inaposhindwa kugeuza matini kuwa namba). Namba inayolalamikiwa ni 22. Naiona kwa macho yangu, ni 22 ya kawaida kabisa. Leo siku ya tatu. Nimekosea wapi?

#2 Pweza8
Naweka kambi hapa. Na mimi nimewahi kupata jumla 0 nikaishia kuandika upya programu nzima.

#3 ChuiMpole
Mkuu, tatizo ni alama ya `|`. Kwenye rejeksi ina maana ya "au". Ukiandika `"a|b".split("|")` Java inakuelewa kwamba unataka kukata kwa kitu kitupu au kitu kitupu, basi inakata kila herufi: unapata a, kisha |, kisha b. Iwekee mkwaju wa nyuma, kwenye Java unaandika miwili: `"\\|"`. Matatizo yako yote yataisha.

#4 Nyundo_na_Patasi
#3 yuko sahihi kuhusu `|` ikiwa nje. Ndani ya mabano ya mraba `|` ni alama kama alama nyingine, haina kazi ya ziada. Mtoa mada ameiweka ndani ya mabano, kwa hiyo siyo mkosaji.

Mkosaji wa faili la pili ni kistari. Ndani ya mabano, kistari kikikaa katikati ya alama mbili kinamaanisha "kuanzia hapa hadi pale", kama tunavyoandika `[a-z]`. Sasa tazama `[,-;]`. Kwenye jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake, mkato ni 44, nukta mkato ni 59. Katikati yao kuna nini? 45 ni kistari, 46 nukta, 47 mkwaju, 48 hadi 57 ni tarakimu 0 mpaka 9, 58 nukta pacha. Umeiambia Java kwamba tarakimu zote ni vitenganishi. Mstari wako `14;3,9-22` hauna herufi hata moja iliyo nje ya 44 hadi 59, kwa hiyo umekatwa wote ukabaki vipande vitupu, na `split` ya Java hutupa vipande vitupu vya mwishoni. Vyote ni vya mwishoni. Unabaki na urefu 0.

Kwenye `[;,-]` kistari kiko mwisho, hakina cha kuunganisha, kinabaki kistari.

#5 KalamuYaMkaa
Nyundo, nimesoma mara mbili. Nimejaribu `"14;3,9-22".split("[,-;]").length` peke yake na kweli ni 0. Siku tatu nilikuwa natazama namba wakati shida iko kwenye mpangilio wa alama tatu. Shukrani sana mkuu.

#6 Mzee_wa_Terminali
Na bahati uliyokuwa nayo: kama mtu angezipanga `;-,` ingekuwa kutoka 59 kurudi 44, Java ingekataa palepale na kulalamika kwamba mfululizo si halali. Bora kosa linalopiga kelele kuliko jumla 0 inayokaa kimya.

#7 ChuiMpole
Nimeelewa, Nyundo. Basi suluhisho ni rahisi: `Pattern.quote(alama)`, inayofanya alama zisomwe kama zilivyo, na biashara imekwisha.

#8 UziMwembamba
Hapana kaka Chui. `Pattern.quote(";,-")` inatafuta alama zote tatu zikiwa zimefuatana kwa mpangilio huo huo. Yaani itakata `14;,-3` na haitagusa `14;3`. Inabidi ufunge kila alama peke yake, kisha uziunganishe kwa `|` ya nje:

`alama.chars().mapToObj(c -> Pattern.quote(String.valueOf((char) c))).collect(Collectors.joining("|"))`

Hapo mtumiaji akiandika nukta, nyota, mabano, chochote, kinabaki alama. Kuhamisha kistari mwishoni tu hakutoshi. Mtu akianza na `^` utapata `[^,;]`, maana inageuka: kila kisicho mkato wala nukta mkato kinakuwa kitenganishi. Namba zinatupwa na mikato inabaki mkononi mwako.

#9 Bundi_wa_Usiku
Mmelisahau faili la tatu. Hilo ni la `\r` (alama isiyoonekana ya kurudi mwanzo wa mstari), naweka mkono wangu motoni. Mtoa mada kasema anakata kwa "\n". Faili lililoandikwa kwenye Windows linamaliza mstari kwa alama mbili, `\r\n`. Ukikata kwa "\n", `\r` inabaki imeng'ang'ania mwisho wa mstari na huioni. "22" yako ni "22\r". Dawa ni kukata kwa `"\\R"`, ipo tangu Java 8 na inakubali aina zote za mwisho wa mstari.

Na kuna dalili yake. Ukiendesha kwenye terminali, ujumbe wa kosa unafika kwenye `"22`, halafu `\r` inarudisha kasa (kishale cha kuandikia) mwanzoni mwa mstari, na alama ya kufunga nukuu inaandikwa juu ya herufi ya kwanza. Badala ya `Exception in thread` unaona `"xception in thread`. Nimeikuta mara nyingi kiasi kwamba nikiona neno halina E sihitaji kusoma zaidi.

#10 KalamuYaMkaa
Bundi, sikuendesha kwenye terminali. Iko kwenye seva, kosa nililisoma kwenye logi kupitia kivinjari. E ilikuwepo. Ila nimechapisha urefu wa kipande hicho na ni 3. Kwa hiyo kweli kuna kitu cha tatu humo.

#11 Bundi_wa_Usiku
Tatu. Tarakimu mbili na `\r`. Tufunge hoja.

#12 Nyundo_na_Patasi
Tusifunge bado. Bundi, fuatilia hiyo `\r` yako hadi mwanzo wa faili. Kama faili zima ni la `\r\n`, basi hata mstari wa kwanza, ule wa alama, una `\r` mwishoni. Alama zinakuwa `|,;` na `\r`. Zote zinaingia kwenye mabano. Maana yake `\r` yenyewe imekuwa kitenganishi! Inakatwa mwishoni mwa kila mstari, kinabaki kipande kitupu, Java inakitupa. Programu ingesoma faili lote bila shida, tena kwa bahati tu. Halafu mbona inakufa mstari wa 41 na siyo wa 2?

Tena inathibitisha faili la kwanza halina `\r`: lingekuwa `[;,-\r]`, kutoka 44 hadi 13, na Java ingelikataa.

#13 Bundi_wa_Usiku
Hapo umenibana, ila hujaniangusha. Faili lenye mchanganyiko. Mtu wa kwanza kaandika mistari 40 kwa "\n", mtu wa pili kaongeza mstari wa 41 kutoka mashine nyingine kwa "\r\n". Hali hiyo ni ya kila siku.

#14 dada_kodi
Mimi nadhani ni nafasi isiyoonekana, U+200B (namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za lugha zote). Mtu amenakili namba kutoka ukurasa wa wavuti akaibandika. Haina upana, haichapishwi, `trim()` haiiondoi na `strip()` ya Java 11 pia haiiondoi, kwa sababu Unicode yenyewe haiihesabu kama nafasi. Urefu 3 unakubaliana nayo vilevile.

Na ndugu yake U+00A0, nafasi isiyokatika, ni msumbufu zaidi kwa sababu kila lugha ina maoni yake. `\s` (alama ya rejeksi ya nafasi yoyote) ya Python kwenye matini ya kawaida inaikamata. `\s` ya JavaScript inaikamata. `\s` ya Java haiikamati mpaka uwashe UNICODE_CHARACTER_CLASS. Niliwahi kuhamisha kodi (msimbo wa programu) ya kukata anwani kutoka Python kwenda Java, rejeksi ile ile herufi kwa herufi, na theluthi ya mistari ikagoma. Nilishinda nikiilaumu rejeksi.

#15 Pweza8
Dada kodi, lakini U+00A0 angeiona kama nafasi ndani ya nukuu. Yeye kasema 22 imekaa safi.

#16 dada_kodi
Ndiyo maana nimesema U+200B, Pweza. Hiyo nyingine nimeitaja kama ndugu.

#17 KitabuWazi
Mbona hakuna aliyetaja BOM, U+FEFF? Ile alama ambayo baadhi ya programu huibandika mwanzo wa faili la UTF-8. Java inaiacha humohumo ukisoma.

#18 UziMwembamba
BOM inakaa mwanzo wa faili, Kitabu. Hapa ingeingia kwenye mstari wa alama, iwe kitenganishi kimoja zaidi kisichotumika. Haina madhara mstari wa 41.

#19 KitabuWazi
Isipokuwa mafaili mawili yameunganishwa kwa kubandika moja nyuma ya jingine. BOM ya la pili inaangukia katikati. KalamuYaMkaa, hiyo 22 ni ya kwanza kwenye mstari au ya mwisho? Ikiwa ya kwanza ni BOM, ikiwa ya mwisho ni `\r` ya Bundi.

#20 KalamuYaMkaa
Mstari wa 41 una namba moja tu. Ndiyo hiyo 22.

#21 Mzee_wa_Terminali
Basi hakuna haja ya kukisia. Chapa thamani ya kila herufi: `kipande.chars().forEach(System.out::println)`. Ukiona 13 Bundi kashinda, 8203 dada kodi, 65279 KitabuWazi. Dakika moja. Tupe mrejesho.

#22 ChuiMpole
Wakati tunasubiri: watu wanazidisha kupenda rejeksi. Ken Thompson alipozigundua hakukusudia kila kukata mkato kupitie humo. Na zinaua seva. Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti nyingi, ilianguka 2016 kwa sababu ya rejeksi moja.

#23 Nyundo_na_Patasi
Chui, umechanganya mawili. Nadharia ni ya mwanahisabati Kleene, miaka ya 1950. Thompson ndiye aliyechapisha mwaka 1968 jinsi ya kuzitumia kutafuta matini kwenye kompyuta. Cloudflare ni tarehe 2 Julai 2019, kama dakika 27. Ya 2016 ni Stack Overflow (tovuti ya maswali ya programu), tarehe 20 Julai, dakika 34, na ndiyo inayotuhusu zaidi hapa: rejeksi yao ilikuwa ya kuondoa nafasi mwanzo na mwisho wa mstari, kazi ndogo kabisa. Likaja chapisho lenye nafasi kama 20,000 zilizofuatana, zikifuatwa na herufi. Injini inaanza nafasi ya kwanza, inatembea zote 20,000, inakuta mwisho si mwisho, inarudi, inaanza nafasi ya pili, inatembea 19,999... Jumla inakaribia hatua milioni 200 kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo anayekata kwa `\s*,\s*` kwenye matini ya watu asiowajua, aikumbuke hiyo. Kile `\s*` cha mbele ya mkato kina tabia hiyo hiyo.

#24 dada_kodi
Hiyo sikuijua kabisa. Nina `\s*;\s*` sehemu tatu. Naenda kukata kwa `;` kwanza, kisha nisafishe kila kipande.

#25 Pweza8
Naomba niulize pembeni kidogo. Nilikuwa na faili la mipangilio, kila mstari ni jina, alama ya sawasawa, thamani. Kwenye Java nilitumia `split("=", 2)` miaka miwili bila tatizo. Nikaandika upya kwa JavaScript, `split("=", 2)` hivyohivyo, na ufunguo mmoja wa siri ukaanza kukataliwa. Mingine inakubali. Kwa nini?

#26 UziMwembamba
Ufunguo wako uliishia na `==`, siyo? Base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, ambayo huweza kuishia na `=`.

Ile 2 haina maana moja. Kwenye Java ni "vipande visizidi viwili, kilichobaki kiache kwenye cha mwisho": unapata `ufunguo` na `abc==`. Kwenye JavaScript ni "kata vyote, kisha nipe viwili vya mwanzo": unapata `ufunguo` na `abc`, mkia umetupwa. Kwenye Python `split("=", 2)` ni "kata mara mbili", yaani vipande hadi vitatu; unachotaka huko ni 1.

#27 Pweza8
Iliishia na `==` kweli. Mungu akubariki ndugu yangu. Sasa nimeona kwa nini mingine ilikuwa inakubali.

#28 Mzee_wa_Terminali
Na yule anayehesabu safu wima asisahau namba ya tatu ya Java: `split(",", -1)`. Bila hiyo `"a,b,,"` inakupa vipande viwili, wakati mwandishi alikuwa na nafasi nne, mbili zikiwa wazi. Kwa jumla ya namba haidhuru. Kwa fomu ambayo sehemu ya nne ni simu na mtu hakuijaza, inadhuru.

#29 KitabuWazi
Swali kwa UziMwembamba kuhusu #8. Je, alama ya mtumiaji ikiwa na herufi zaidi ya moja? Mmoja anatumia `*`, na kwenye faili lilelile anatumia `**`.

#30 UziMwembamba
Hapo orodha ya alama lazima iandikwe kwa namna nyingine, mfano kila alama ndani ya mabano yake. Na upange ndefu kwanza. Ukiandika `\*|\*\*`, injini ya Java inachukua chaguo la kwanza linalofaa: `1**2` inakatwa mara mbili, unapata 1, kitupu, 2. Kitupu kikifika kwa `parseInt` (amri ya kugeuza matini kuwa namba) unapata NumberFormatException. Geuza iwe `\*\*|\*` na itatulia.

#31 Mzee_wa_Terminali
Kwenye awk (programu ya Unix ya kuchakata matini) mpangilio haujalishi, inachukua iliyo ndefu zaidi. Ndiyo kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya Unix. Awk ni ya 1977 na hili halijawahi kunisumbua.

#32 UziMwembamba
Mzee, tunajua ungependa sote tuhamie awk. Lakini kweli, kwa hili awk ina haki. Tatizo linakuja unapohamisha rejeksi kutoka awk kwenda Java ukidhani ni kitu kimoja.

#33 KalamuYaMkaa
Mrejesho, na si mzuri. Aliyenitumia faili la tatu alisikia nina shida, akalifungua, akalihifadhi upya na kulituma juu ya lile la zamani. Sasa linasomeka lote. Urefu wa 22 ni 2. Sina nakala ya zamani.

#34 Bundi_wa_Usiku
Umeona? Kuhifadhi upya kumesawazisha miisho ya mistari. Ni `\r`.

#35 dada_kodi
Au aliiandika 22 upya kwa mkono alipoona ndiyo inayolalamikiwa, na U+200B ikaondoka na ile ya zamani. Muulize aligusa mstari wa 41 au hakugusa.

#36 KitabuWazi
Au programu yake ilifuta BOM ya katikati. KalamuYaMkaa, yale mafaili yaliunganishwa?

#37 KalamuYaMkaa
Nimemuuliza. Anasema ndiyo, aliunganisha mafaili mawili. Na ndiyo, la pili lilitoka kwenye mashine ya Windows. Na mstari wa 41 "huenda" aliugusa.

#38 Nyundo_na_Patasi
Basi kila mtu amebaki na hoja yake. Hata ya BOM inasimama: kama la pili lilikuwa na mstari wake wa alama naye akaufuta kwenye kihariri, BOM inaweza kubaki peke yake mbele ya 22. Safari ijayo hifadhi nakala kabla hujamwambia mtu yeyote faili lake lina kasoro.

#39 KalamuYaMkaa
Nimejifunza. Sasa nimeweka kodi ya #8, nakata mistari kwa `\\R`, na kipande kikikataa kugeuka namba programu inachapa thamani ya kila herufi yake kabla ya kufa. Limebaki moja: kuna anayetaka kuleta namba hasi huku kistari kikiwa bado kitenganishi. Mstari wake ni `7;-2-4,9`.

#40 UziMwembamba
Kistari kikate pale tu kinapotanguliwa na tarakimu: `[;,]|(?<=\d)-`, na kwenye Java mkwaju ni miwili. Ile sehemu ya `(?<=\d)` inachungulia nyuma bila kula kitu. Utapata 7, -2, 4, 9. Hata `5--3` inatoka 5 na -3.

#41 ChuiMpole
Akiweka nafasi? `5 - 3`? Kistari kimetanguliwa na nafasi, hakikatwi.

#42 UziMwembamba
Kweli, Chui, hapo umeona. `(?<=\d)\s*-\s*` basi, ukikumbuka onyo la #23. `5 - -3` inatoka 5 na -3.

#43 dada_kodi
Na `5 -3`? Kwangu mimi hiyo ni tano na hasi tatu. Rejeksi yako inasema tano na tatu.

#44 UziMwembamba
Kwangu ni tano na tatu, mtu kateleza nafasi moja.

#45 Nyundo_na_Patasi
Na mkimuuliza aliyeandika faili atatoa jibu la tatu. KalamuYaMkaa, mwombe aandike mistari kumi ya mfano kwa mkono wake na pembeni ya kila mmoja aorodheshe namba anazotarajia. Zilete hapa kabla hatujaongeza hata alama moja kwenye hiyo ruwaza.

#46 KalamuYaMkaa
Nimemwandikia sasa hivi. Na safari hii nakala naihifadhi.